Anayetaka kuwalinda wazee wa Gusii aanze na mlezi

Kila wazee wanapouawa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, kwa tuhuma za uchawi, mambo huenda kwa mpangilio ule ule. Serikali inalaani, polisi wanakamata vijana kadhaa, makanisa yanakemea ushirikina, na kabla mwezi haujaisha gumzo la nchi limeshahamia kwenye siasa. Ilikuwa hivyo Mei 2008, wakati watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake wakongwe, walipouawa na umati na nyumba zao kuteketezwa. Ikawa hivyo tena Oktoba 2021, wanawake wanne walipouawa huko Marani. Viongozi wana haki ya kulaani na wauaji ni lazima washtakiwe, lakini hayo yote huja watu wakiwa wameshazikwa. Swali ambalo hatujaliuliza vya kutosha, kuanzia Birongo hadi Nyamira mjini, ni nini kinachomfanya mzee aanze kushukiwa miezi, na hata miaka, kabla ya umati kukusanyika.

Sehemu ya jibu iko katika ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimensia, na katika hali ya yule anayemlea mgonjwa. Dai langu ni kwamba mzee mwenye dimensia katika vijiji vyetu hana mlinzi wa karibu kuliko mlezi wake, na kwamba mlezi aliyechoka, aliyeachwa peke yake na asiyejua mgonjwa wake anaugua nini, hawezi kuifanya kazi hiyo. Polisi hawapo kijijini saa saba za usiku. Mhubiri hayupo pia. Aliyepo ni mlezi, na yeye ndiye aliyesahaulika katika hotuba zote.

Dimensia haiji kwa sababu tu mtu amezeeka. Huletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo, na linaloongoza kati yake ni lile lililoelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Mengine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, jambo linaloandamana sana na shinikizo la damu na kisukari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa jirani zetu Tanzania, watafiti waliopita kijiji kwa kijiji wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta kwamba takriban watu sita katika kila mia waliotimiza miaka 70 walikuwa na dimensia. Hai ni nchi ya milima, migomba na mashamba madogo kama yetu, na huko pia ndugu wengi walidhani ni uzee tu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 waliotimiza miaka 60. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Gusii imesazwa.

Sasa ziweke dalili za ugonjwa huu kando ya sifa ambazo watu wamekuwa wakimpa mchawi. Mchawi, husemwa, hutembea usiku. Mgonjwa wa dimensia huvurugikiwa na usingizi, akasinzia mchana kutwa na kuamka usiku wa manane akitaka kurudi kwao, ilhali yuko kwake. Mchawi huenda uchi. Mgonjwa ambaye sehemu ya mbele ya ubongo imeharibika huvua nguo mbele za watu bila kuona haya. Mchawi huzungumza na wasioonekana. Ipo aina ya dimensia inayomfanya mgonjwa aone watoto au wanyama ambao hawapo chumbani, akawasemesha. Mchawi huwageuka wa nyumbani mwake. Mgonjwa humtuhumu mkaza mwana kuwa amemwibia pesa alizozificha mwenyewe kwenye gunia la mahindi. Na mchawi, akibanwa, hukiri. Mzee asiyekumbuka alikokuwa jana, akizingirwa na vijana wanaomfokea, anaweza kukubali lolote analoambiwa ili kelele ziishe. Hili la mwisho ndilo la kuogofya zaidi, kwa sababu ugonjwa unakuwa umetoa tuhuma na ushahidi kwa pamoja.

Sisemi kwamba waliouawa mwaka 2008 au 2021 walikuwa na dimensia. Wengi wanaotuhumiwa uchawi wana akili timamu kabisa. Kosa lao ni ujane, upweke, au kuwa na shamba. Ndiyo maana wapo watakaonijibu kwamba chanzo ni ardhi, na kwamba kuingiza habari za ubongo ni kuwatafutia wauaji udhuru. Hoja hiyo ina uzito. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba kwa hesabu ya 2019, na kipande cha robo eka kinaweza kugombanisha ndugu wa tumbo moja. Kilifi nako, ambako wazee wanaotuhumiwa wamekuwa wakikimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kule Ganze, mara nyingi nyuma ya tuhuma pana ugomvi wa shamba la familia. Lakini tamaa peke yake haitoshi kuua hadharani. Inahitaji kisingizio ambacho majirani watakikubali. Mjane mwenye akili timamu anaweza kujibu, kwenda kwa chifu, kuwaita ndugu zake, kukumbuka hati imewekwa wapi. Mwenye dimensia hawezi, na kila usiku anaotoka nje anamwongezea adui yake la kusema. Ugonjwa haumpunguzii mwenye tamaa hatia yake. Unampa nafasi, na nafasi hiyo inaweza kuzibwa hata kabla ya kesi za mashamba kumalizika.

Tumtazame basi anayeweza kuiziba. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hubeba asilimia 70 ya saa zote za malezi ya wagonjwa wa dimensia, na kwamba ndugu mlezi hutumia wastani wa saa tano kwa siku katika kazi hiyo. Wastani huo unaficha mengi. Katika boma la kawaida la Birongo, saa hizo tano zinaingia juu ya kazi zilizokuwapo. Kuna majani chai ya kuchuma asubuhi na kufikisha kituoni kabla ya lori kuondoka. Kuna ng'ombe wa kukamuliwa na watoto wa kupeleka shule. Mgonjwa hawezi kuachwa karibu na moto, wala hawezi kuachwa na lango wazi. Usiku ni mgumu zaidi. Mgonjwa ameamka, anatikisa komeo, anamwita kwa jina ndugu aliyefariki zamani. Mlezi anainuka, anamrudisha kitandani, anamfunika. Nusu saa haijapita, komeo linalia tena. Ikifika usiku wa nne au wa tano mfululizo, mlezi huangukia moja kati ya mambo mawili. Ama analala fofofo na mgonjwa anatoka, akakutwa kwenye migomba ya jirani, ama anamfungia kwa kufuli la nje, na mgonjwa anapiga kelele hadi kijiji kizima kinauliza kuna nini katika boma lile. Kwa njia yoyote kati ya hizo, watu wameshaanza kusema.

Kwa Wagusii kuna ugumu mwingine ambao miongozo ya shirika hilo iliyoandikwa Geneva haiujui. Heshima ya chinsoni huweka mpaka kati ya mzazi na mtoto aliyekua, na mpaka huo ni mkali zaidi kati ya baba mkwe na mkaza mwana, ambaye hatakiwi kuingia chumba cha mzee, sembuse kumwona bila nguo. Mila yenyewe ilikuwa imeacha mlango: babu na mjukuu hawana mpaka huo, hutaniana kwa uhuru, na wajukuu walikuwa wakilala kwa bibi na kumwangalia. Siku hizi wajukuu wako shule za bweni, na waliomaliza wako Nairobi au Nakuru wakitafuta riziki. Matokeo yake, mzee mwanamume aliyejichafua hukaa hivyo mpaka apatikane mtu anayefaa, au mkaza mwana huvunja mwiko kila siku na kuibeba aibu hiyo kimyakimya. Anayekuja na ushauri kwamba mgonjwa aogeshwe kila asubuhi, bila kuuliza nani atamwogesha, hajasaidia kitu.

Kwa hali hiyo, kuzungumzia ubora wa maisha ya mgonjwa kando na ule wa mlezi ni kujidanganya. Mgonjwa wa dimensia anapoteza uwezo wa kujitetea, wa kujipangia siku na wa kueleza maumivu yake, na kila anachopoteza huhamia mikononi mwa mlezi. Mlezi akilala vizuri, mgonjwa anakula kwa wakati, anavalishwa safi, anatembezwa mchana ili achoke na kulala usiku. Mlezi akichakaa, mgonjwa anafokewa, anafungiwa, anapotea. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tumeuona mzigo wa walezi hawa mwepesi kwa sababu haujawahi kutua mabegani mwetu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuanza na mlezi litatoka kwa wale wanaoamini kwamba dawa ni elimu: watu wakielewa kuwa huu ni ugonjwa, uchawi utasahaulika. Elimu inahitajika, na shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya limefanya kazi ya maana kuwakutanisha walezi na kuizungumzia dimensia hadharani. Hata hivyo, kujua jina la ugonjwa hakumwongezei mlezi saa za usingizi. Isitoshe, imani haiondoki kwa semina ya siku moja. Wapo watu wanaojua shinikizo la damu ni nini na bado wanauliza nani alilituma. Elimu inayoshika ni ile inayoonekana kwa macho: jirani anapoona mgonjwa anatembelewa na mhudumu wa afya kila mwezi, anatembezwa mchana na watu wa kanisa, na jamaa zake wanamzungumzia bila kuficha, hapo boma lile linakuwa na mgonjwa, halina siri. Umati hukusanyika mahali penye siri. Kumtegemeza mlezi, kwa hiyo, ndiyo elimu yenyewe.

Wengine watasema kwamba kulea wazazi ni wajibu wa watoto, na serikali ikiingia itaharibu mila. Wanaosema hivyo mara nyingi huwa wameukabidhi wajibu huo kwa mke wa kaka yao mdogo aliyebaki nyumbani. Mila ya Gusii haikumwachia mtu mmoja kumlea mzee. Iligawa kazi kati ya wana, wajukuu, wake wenza na majirani wa ukoo mmoja, waliokuwa wakiishi kwa kutazamana. Kilichovunja mgawanyo huo ni udogo wa mashamba, shule na safari za kutafuta kazi, wala si serikali. Anayeitetea mila kwa dhati anapaswa kutafuta namna mpya ya kugawana kazi ile ile. Wana walio mijini wanaweza kulipa mwanamume wa kijijini amwogeshe baba yao mara kadhaa kwa wiki, na chinsoni ikaheshimiwa. Makanisa ya Waadventista na Wakatoliki, ambayo tayari yana vikundi vya kuwatembelea wagonjwa, yanaweza kupanga zamu za kukaa na mgonjwa alasiri moja ili mlezi aende sokoni au alale. Tunaounda kamati za mazishi kwa saa chache na kukusanya maelfu ya shilingi tuna uwezo wa kuunda kamati ya malezi mtu angali hai.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba dimensia haina tiba, basi kupimwa kuna faida gani isipokuwa kumpachika mzee jina jingine la aibu. Faida ya kwanza ni kwamba si kila anayepotewa na kumbukumbu ana dimensia. Huzuni kubwa, upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, maambukizi ya njia ya mkojo, na hata dawa zilizochanganywa vibaya vinaweza kumchanganya mzee akili, na vyote hivyo vinatibika. Faida ya pili ni kwamba kukosa tiba si kukosa msaada. Huko Hai, watafiti walikusanya wagonjwa 34 katika vikundi vya mazoezi ya akili vilivyokutana mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, wakazungumza juu ya chakula, utoto wao na matukio ya siku hizo. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini kumbukumbu zao ziliimarika kwa kiasi, wasiwasi ukapungua, na tabia zinazowatesa walezi zikapungua pia. Kupima nako hakuhitaji mashine. Kipimo kilichotengenezwa na watafiti hao hao kwa wazee wasiosoma kina sehemu ambapo mgonjwa anaonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti, kisha anaambiwa alipange na yeye. Njiti nne na maswali machache, na mhudumu anajua nani apelekwe hospitalini.

Hapo ndipo linakuja suala la pesa, na hapo ndipo wanasiasa hunyoosha mikono na kusema hakuna. Lakini mengi yameshalipiwa. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya wa kijamii takriban 100,000, kila mmoja akiangalia nyumba kama 100, akiwa na mkoba wenye kipima shinikizo na kipima sukari, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Wanapita Birongo kama wanavyopita kwingine. Makueni tayari wahudumu wa aina hii walifunzwa kuwapima wazee kumbukumbu majumbani katika mradi wa watafiti wa afya ya akili, kwa hiyo hatuombi jambo lisilojaribiwa nchini. Mhudumu anayeingia nyumbani kupima shinikizo la mzee ameshafika mlangoni. Aongezewe maswali matatu: mzee anasahau kuliko zamani? Anatoka usiku? Na wewe unayemwangalia, ulilala lini mara ya mwisho usiku kucha? Shinikizo lenyewe likidhibitiwa mapema, hatari ya dimensia inapungua. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia visababishi 14, vikiwemo shinikizo, kisukari, uziwi na upweke.

Pesa za moja kwa moja nazo zina njia. Mpango wa Inua Jamii huwapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na tawi lake jingine huzilipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa saa zote. Mgonjwa wa dimensia asiyeweza kuachwa peke yake hata kwa saa moja anastahili kuhesabiwa katika tawi hilo la pili. Serikali imeshakubali kwamba malezi ya kutwa kucha yanagharimu. Kilichobaki ni kukubali kwamba ubongo ukiharibika, ulemavu si mdogo kuliko mguu ukikatika. Shilingi 2,000 hazimfanyi mtu tajiri, ila zinatosha kumlipa mtu akae na mgonjwa asubuhi kadhaa mlezi akichuma chai yake.

Sheria nayo ipo, ila imelala. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, pamoja na kasoro zake za kikoloni, inamfanya anayemtuhumu mwenzake uchawi kuwa mkosaji, isipokuwa kama amepeleka tuhuma hiyo kwa mwenye mamlaka, akiwemo chifu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata malezi ya familia yake na ya dola. Ukisoma hivyo viwili pamoja, chifu anayepokea malalamiko kwamba bibi fulani anatembea usiku ana la kufanya kabla ya kuitisha baraza la wazee. Amwite mhudumu wa afya wa kijiji, na mzee apelekwe hospitali ya Keumbu au ile ya rufaa ya Kisii. Amri moja ya kamishna wa kaunti kwa machifu na manaibu wao, kwamba kila tuhuma ya uchawi dhidi ya mzee ifuatwe na uchunguzi wa afya kabla ya jambo lingine lolote, haihitaji bajeti. Inahitaji kamishna mwenye msimamo.

Wananchi wa Kisii na Nyamira huitwa kila mwaka kutoa maoni yao kuhusu bajeti za kaunti, na wengi huenda kudai barabara, ambayo ni haki yao. Safari hii wadai pia kwamba wahudumu wa afya wafunzwe kupima kumbukumbu, kwamba kila hospitali ya kaunti ndogo itenge siku moja kwa mwezi ya kuwaona wazee wanaosahau pamoja na walezi wao, na kwamba wagonjwa walioelemewa waandikishwe kwenye mpango wa ulemavu. Wakiulizwa haya yanahusianaje na usalama, wajibu kwamba yanahusiana zaidi kuliko gari jipya la polisi, kwa sababu gari hilo litafika asubuhi. Idadi ya vijana waliokamatwa isitumiwe tena kupimia kama tunawalinda wazee. Tuhesabu walezi waliopata mtu wa kuwapokea zamu, na kaunti itakayoshindwa kutaja idadi hiyo itakuwa imekiri kwamba bado haijaanza.